Chumba cha mwanafunzi Dar: kabla ya kodi utaulizwa kwenu ni wapi

KILA ifikapo Oktoba, mabasi yanayotoka Bujumbura kwenda Dar es Salaam kupitia mpaka wa Kobero hubeba abiria wa aina mbili. Wa kwanza ni wafanyabiashara tuliowazoea, fedha zimefungwa kiunoni chini ya kitenge na majina ya maduka ya Kariakoo yako kichwani. Wa pili ni vijana walioshika bahasha ya kaki mapajani safari nzima, kana kwamba ikidondoka na chuo kimeondoka. Ndani ya bahasha mna barua ya kupokewa chuoni, vyeti na picha za pasipoti. Kitu kimoja hakimo, nacho ni anwani ya mahali watakapolala.

Oktoba 2024 nilisafiri na mmoja wa vijana hao, binti wa dada yangu. Mimi na dada tulizaliwa Ulyankulu, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972 mkoani Tabora, na tulirudi Burundi mwaka 2008 pamoja na maelfu ya wenzetu wa Katumba na Mishamo. Binti wakati huo alikuwa na miaka mitatu. Leo mama yake anauza vitenge katika soko la Ruvumera, na Dar ameshakwenda mara nyingi kuliko Gitega. Lakini ilipofika siku ya kumtafutia binti chumba, alinipigia simu mimi. "Kaka, wewe ni mjomba wake na kazi yako ni kuuliza maswali. Mimi Dar naijua ya mchana tu," alisema.

Kauli hiyo ya dada ina ukweli ambao wengi wetu hatupendi kuukiri. Mfanyabiashara wa mpakani anadhani anaijua Dar es Salaam, kumbe anaijua Kariakoo. Anaijua gesti ya karibu na Mtaa wa Msimbazi, anamjua wakala wa mizigo na mama lishe wa pembeni, na siku ya tatu yuko ndani ya basi anarudi. Jiji lenyewe ni jambo jingine. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika wilaya zake tano, na vyuo vimetawanyika kama mbegu zilizomwagika. Chuo cha Usimamizi wa Fedha kiko katikati ya mji, Muhimbili iko Upanga, chuo kishiriki cha ualimu kiko Chang'ombe, chuo cha usafirishaji kiko Mabibo, cha kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kiko Kigamboni ng'ambo ya maji, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Ardhi vimekaa jirani kule juu Mlimani.

Kwa hiyo mtu akikwambia "mwanangu kapata chuo Dar", muulize kwanza Dar ipi. Nimemkuta mzazi mmoja wa Makamba aliyempangia mwanawe chumba Mbagala kwa sababu kuna ndugu huko, ilhali kijana anasoma Mlimani. Kila alfajiri anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, na nauli ya mwezi imekula ile nafuu ya kodi yote. Hata kituo cha mabasi kimehama. Wale wa zamani mliozoea kushuka Ubungo, tangu Februari 2021 mabasi ya mikoani na ya nje yanaishia Mbezi Luis, na pale usiku na begi mkononi si mahali pa kuanza kuulizia vyumba.

Wasomaji wengi wataniuliza, kwani vyuo havina mabweni? Vinayo. Mlimani peke yake, mbali na mabweni ya zamani na hosteli ya Mabibo, Aprili 2017 yalizinduliwa majengo mapya yaliyopewa jina la Rais Magufuli, yenye nafasi ya wanafunzi 3,840. Nafasi hizo zikigawiwa, bado foleni ya wasiopata ni ndefu. Ndipo ukazaliwa mtindo ambao wanafunzi wa huko wanauita kubebana, yaani aliyepata kitanda anambeba asiyepata, wakalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Wanaucheka, lakini kwa mtihani wa asubuhi si jambo la kuchekesha. Chuo cha binti yetu, ambacho jina lake nitaliacha, kilikuwa katika ukanda huohuo wa Ubungo, na jina lake halikuwa kwenye orodha ya vitanda. Tukaingia mtaani.

Ukanda huo una tabia zake. Sinza ndiyo maarufu. Ni mtaa uliopimwa viwanja katika miaka ya 1970 kwa mradi wa serikali na Benki ya Dunia, ndiyo maana njia zake zimenyooka na nyumba zina namba, na ndiyo maana ni ghali na muziki haulali. Savei na Mwenge ni karibu na kila kitu, na bei inajua hivyo. Changanyikoni ni ng'ambo ya chuo, kumetulia, kuna vilima na vumbi. Msewe iko upande wa pili, kati ya chuo na Barabara ya Morogoro, na mwanafunzi asiyeogopa kutembea anafika darasani kwa miguu. Mabibo na Manzese ni nafuu zaidi, ila huko nilimwambia binti aangalie kuta kabla ya kuangalia bei. Oktoba ni mwezi wa mvua za vuli kuanza. Nyumba iliyo bondeni ina mstari wa maji ukutani, na ukiona rangi imepakwa upya hadi kiunoni tu, jua kuna jambo limefunikwa.

Hosteli za binafsi pia tuliziona. Unalipia kitanda, si chumba, nao wanne hadi sita wanalala vitanda vya juu na chini, kuna metroni na geti linafungwa saa nne usiku. Dada yangu angefurahi sana. Binti aliangalia dirisha moja la chumba cha watu sita, akaangalia kabati moja, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, hapa nitasomea wapi?" Sikuwa na jibu, tukashuka ngazi.

Mlango wa kuingilia kwenye vyumba vya Dar ni dalali. Wapo vijiweni chini ya mwembe, wapo kwenye vibanda vya kutuma fedha, na namba zao zimebandikwa kwenye nguzo za umeme. Dalali mzuri anakuokolea siku tatu, na mbaya anakula siku hizo pamoja na fedha zako. Desturi ni kwamba akikupatia chumba unamlipa sawa na kodi ya mwezi mmoja. Hilo nalikubali, ni jasho lake. Ambalo silikubali ni ile hela ya kuonyeshwa, elfu tano hapa, elfu kumi pale, unapelekwa kuona vyumba ambavyo yeye mwenyewe anajua vimeshachukuliwa. Wetu alianza na wimbo huo. Nikamwambia nitampa nauli ya bodaboda, na chake kamili siku tukiweka saini mbele ya mwenye nyumba. Alininunia hadi kona ya pili, kisha akacheka, akaniita "mkuu", tukaendelea.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Tulipokaribia nyumba ya kwanza, dalali alisimama, akatutazama, akauliza, "Nyie ni watu wa Kigoma, eh?" Kila Mrundi aliyewahi kukaa Dar amewahi kuulizwa swali hilo. Kirundi na Kiha ni ndugu, lafudhi zetu zinafanana, na kwa masikio ya mtu wa pwani wote tumetoka huko linakozama jua. Na kwa sisi tuliozaliwa Ulyankulu ni rahisi zaidi, maana Kiswahili chetu ni cha Tabora na hata majina ya shule tunazotaja ni ya huko. Kutikisa kichwa tu kunatosha. Dalali akatushauri kama rafiki, "Semeni Kigoma. Mkisema Burundi mama ataogopa Uhamiaji."

Binti alinitazama. Kwa kweli kishawishi kilikuwepo, kwa sababu dalali hakuwa mwongo. Wenye nyumba wengi wanaogopa. Mpangaji mgeni asiye na kibali humletea mwenye nyumba maswali, na hakuna mama wa miaka 60 anayetaka kuitwa ofisini kwa ajili ya mtu aliyemfahamu wiki mbili.

Lakini siku moja kabla nilikuwa nimezungumza na kijana mmoja kutoka Rumonge, naye mwana wa waliorudi, anayesoma mwaka wa pili. Huyu alipopanga chumba Mabibo mwaka 2023 alisema ametokea Kasulu, na mkataba ukaandikwa hivyo. Akalipa miezi sita, elfu themanini kwa mwezi, jumla 480,000. Mwezi wa pili pale nyumbani ukatokea wizi wa simu, mtendaji wa mtaa akaja kuandikisha wapangaji wote, na kila mmoja akatakiwa kutaja namba ya kitambulisho cha taifa. Kijana hana. Cha kusikitisha ni kwamba alikuwa na kibali chake cha mwanafunzi, daraja C, halali kabisa, na kadi ya chuo. Karatasi zake zote zilikuwa safi ila ile aliyoidanganyia. Aliyeiba simu alikuja kujulikana, wala hakuwa yeye, lakini baba mwenye nyumba alisema hawezi kuishi na mtu asiyejua anaitwa nani kwao. Miezi minne ilibaki humo ndani, yaani 320,000, na hakurudishiwa hata senti. Aliniambia, "Kaka, mama aliuza mawese mapipa mangapi kupata ile fedha, sikuthubutu kumwambia. Nilimwambia nimehama kwa sababu ya kelele."

Hapo ndipo desturi ya Dar inapombana mgeni. Kodi inalipwa kwa mkupuo, miezi sita au mwaka, na sheria ya zamani iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, tangu hapo bei na muda ni makubaliano ya watu wawili. Kwa mfanyabiashara mdogo wa kwetu miezi sita si kodi, ni mtaji. Ni marobota ya vitenge ambayo hayatanunuliwa. Tena mwaka 2024 faranga zetu zilibadilishwa kwa bei ya soko ambayo haikufanana hata kidogo na bei ya benki, kila aliyevuka Kobero anajua. Fedha hiyo ikishaingia mkononi mwa mwenye nyumba, huna tena cha kushika isipokuwa neno lako na karatasi. Ukianza na neno la uongo, umebaki na karatasi ya uongo.

Basi tukabisha hodi, na mwenye nyumba alipouliza wageni ni wa wapi, nikasema. Alituomba radhi kwa upole, akasema chumba ameshamwahidi mtu. Nyumba ya pili, hivyohivyo, ila yule hakuomba radhi. Dalali alikuwa anakuna kichwa. Ukweli ulikuwa umetugharimu vyumba viwili, kimojawapo kizuri sana, chenye choo ndani na mwembe uani. Binti hakusema kitu. Tulikunywa soda dukani, tukaenda ya tatu.

Hiyo ilikuwa Msewe. Nyumba ya vyumba vinane inayozunguka uwanja wa saruji, na mama mwenye nyumba amekaa barazani anachambua mchele. Kabla hatujafungua kinywa dalali, ambaye nadhani uvumilivu ulikuwa umemwishia, akatangulia, "Shikamoo mama, hawa ni wa Kigoma."

Nikamwamkia, nikaketi nilipoonyeshwa, nikasema, "Mama, samahani. Sisi ni wa Burundi. Tumezaliwa Ulyankulu, Kiswahili ndicho tulichokulia, lakini pasi zetu ni za Burundi na huyu ni binti wa dada yangu, amekuja chuo."

Aliacha mchele, akamtazama dalali. "Na wewe ulikuwa unanificha nini?" Kisha akanigeukia. "Mwanangu, jirani yangu hapo aliwahi kulala kituoni kwa ajili ya mpangaji asiye na karatasi. Yeye anazo?"

Binti akafungua bahasha ya kaki. Barua ya chuo, pasi, risiti ya maombi ya kibali. Mama alivaa miwani, akasoma kila karatasi polepole, na ile ya Kiingereza akampa mjukuu wake amsomee. Mwisho akauliza swali ambalo katika nyumba mbili zilizotangulia halikuulizwa, "Huyu mtoto akiugua usiku, nampigia simu nani hapa Dar?"

Nimeishi katika miji kadhaa ya nchi zetu hizi, na naweza kusema Dar hawamtafuti mtu kabila. Katika nyumba ile palikuwa na muuguzi wa Mtwara, fundi simu kutoka Moshi, mume na mke wa Uvira wanaoshona nguo, na mzee mmoja wa Kizanzibari anayeuza kahawa. Hakuna aliyeuliza kabila la mwenzake. Wanapokuuliza kwenu ni wapi, wanatafuta hasa namba ya simu. Wanataka kujua nyuma yako kuna nani. Kwa bahati dada yangu ana mteja wake wa miaka kumi Kariakoo, mama wa Kipemba mwenye duka la jumla. Nikampigia palepale, wakazungumza wao kwa wao kama dakika ishirini, tena nyingi hazikuhusu chumba. Ushauri wangu kwa wafanyabiashara ni huu: yule tajiri wa Kariakoo ambaye kila mwezi mnamwachia faida, mwambieni mapema kwamba mtoto anakuja. Neno lake mtaani lina uzito kuliko fedha mliyobeba.

Chumba kilikuwa shilingi 120,000 kwa mwezi, choo cha kushirikiana na vyumba viwili, umeme wa Luku yake mwenyewe, maji ya kuchangia. Miezi sita ni 720,000, na ya dalali 120,000, jumla 840,000 kabla hujanunua godoro, ndoo na jiko la gesi. Mama akakubali wakae wawili. Mwenzake alipatikana baada ya siku nne, msichana wa Songea wanayesoma darasa moja, naye alikuwa analala kwa shangazi yake Gongo la Mboto na kufika chuoni amechoka. Kila mmoja akatoa 420,000.

Fedha hatukumpa dalali azipeleke. Tulikwenda wote ofisi ya serikali ya mtaa. Uchaguzi wa viongozi wa mitaa wa Novemba 27, 2024 ulikuwa unakaribia, kwa hiyo tulimkuta mtendaji peke yake, kuta zimejaa matangazo ya kujiandikisha. Mkataba ulikuwa kurasa mbili. Nilisisitiza yaandikwe mambo matatu ambayo mtu husahau: namba ya mita ya Luku na kiasi kilichobaki siku ya kuingia, kwamba kodi haipandi kabla ya miezi kumi na miwili, na kwamba akilazimika kuondoka kabla ya muda, miezi isiyokaliwa atarudishiwa akishapatikana mpangaji mwingine. Hilo la tatu mama alilipinga. Tukalizungumza, akasema atakata mwezi mmoja wa usumbufu, nikaona ni haki. Uraia ukaandikwa Mrundi, bila kificho. Mtendaji aliandika majina ya wote wawili kwenye daftari lake, akapiga muhuri, akamwambia binti akipata kibali alete nakala.

Nilikaa siku mbili zaidi. Usiku wa kwanza nilikwenda Msewe saa mbili, makusudi, niione njia ya kutoka barabarani hadi getini ikiwa giza. Kuna kipande cha mita kama mia mbili hakina taa. Nikamwonyesha binti njia ya kuzunguka kwa dukani, ndefu kidogo lakini ina watu. Kazi hii mzazi aifanye mwenyewe, maana vyumba vyote huonyeshwa mchana.

Kibali kilitoka kabla ya Krismasi na nakala ikapelekwa. Mwishoni mwa Aprili 2025 kodi ya pili ilipofika, dada alikuwa Dar kwa mzigo wake. Badala ya kushukia Kariakoo kama kawaida, alianzia Msewe na kipande cha kitenge cha mama mwenye nyumba mkononi. Wakakubaliana kulipa miezi mitatu mitatu, na dalali hakuwepo. Dada alilala humo chumbani na wasichana wale wawili, yeye kitandani, wao chini kwenye mkeka, na asubuhi akanipigia simu kulalamika kwamba jogoo wa Msewe wanawika saa tisa.